Watu Wanne, Kitanzi Kimoja

Kijana amekaa juu ya pikipiki nje ya duka, injini inanguruma. Hakuingia ndani. Hakushika panga. Mwenye duka hata sura yake haijui. Aliyeingia ni mwenzake, akamtisha mwenye duka, akatoka na simu mbili na mauzo ya siku, wakatokomea. Wakikamatwa na kupatikana na hatia chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, adhabu ya yule wa nje ni sawa na ya yule wa ndani, na ni moja tu: kifo. Hakimu anayeitamka hana ruhusa ya kuuliza nani alifanya nini.

Kijana huyo nimemtunga mimi. Sheria sikuitunga. Inasema mwizi wa mabavu atahukumiwa kifo iwapo alikuwa na silaha ya hatari, au alikuwa na mwenzake mmoja au zaidi, au alimjeruhi au kumpiga mtu. Mahakama ya Rufaa ilishaamua zamani kwamba masharti hayo hayahitaji kukutana yote, moja latosha. Kwa hiyo vijana wawili wasio na hata kijiti mkononi, wakimtishia mpita njia kwa maneno na kumpokonya simu, wameshatimiza masharti ya kunyongwa. Mmoja akifanya hivyo hivyo peke yake, anaangukia kifungu cha 296(1), na kifungo chake hakizidi miaka 14. Tofauti ya uhai na mauti hapo haikuletwa na damu wala bunduki. Imeletwa na hesabu ya vichwa.

Najua nitakachoambiwa. Kwamba nawatetea majambazi. Kwamba sijui kulala na hofu Githurai au Likoni, kila mbwa akibweka unashika roho. Kwamba mama aliyekatwa panga mbele ya watoto wake hana haja na makala za magazetini. Basi nijibu mapema. Mama huyo ndiye wa kwanza kudhulumiwa na mfumo huu. Akifungwa asiyehusika, aliyemkata panga yuko nje, anakunywa chai, na faili limefungwa kwa sababu mkosaji "amepatikana". Hakuna mwizi anayelindwa vizuri kuliko yule ambaye mtu mwingine anatumikia kifungo chake.

Hapo ndipo rufaa inapoingia, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Mwaka 1972, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua kesi ya Okeno, na hadi leo ni nadra hukumu ya rufaa ya jinai Kenya kuandikwa bila kuitaja. Ilisema mahakama ya kwanza ya rufaa ina wajibu wa kuupitia ushahidi wote upya, kuupima yenyewe na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakizungumza. Ni agizo zito. Maana yake ni kwamba jaji wa Mahakama Kuu hakai pale kukagua kama hakimu alipiga mihuri yote. Anakaa pale kuamua kesi kwa mara ya pili.

Sasa tazama linavyotekelezwa. Hukumu inafunguliwa kwa aya moja ya heshima: tumeelekezwa na Okeno, tumeupitia ushahidi upya. Kisha kurasa tano za kusimulia shahidi wa kwanza alisema hivi, shahidi wa pili akasema vile. Kisha hitimisho: hakimu alikuwa sahihi, rufaa imetupwa. Kusimulia ushahidi si kuupima. Karani yeyote mwenye mwandiko mzuri anaweza kusimulia. Wapo majaji wanaoifanya kazi hii kwa jasho, na ukisoma hukumu zao unaliona jasho hilo. Lakini wapo pia ambao Okeno kwao imebaki kama dua ya kufungulia mkutano, watu wanaitikia amina na kuendelea na shughuli.

Chukua kesi ya tochi, ambayo mawakili wa jinai wanaijua kama wanavyojua mlango wa korti. Saa nane usiku mlango unavunjwa kwa jiwe, wanaingia watu wanne. Stima haipo. Mwanga uliopo ni wa tochi, na tochi wameishika wao. Miezi kadhaa baadaye shahidi anasimama kortini na kuapa: nilimtambua mshtakiwa wa pili kwa mwanga wa tochi. Ngoja kidogo. Tochi ilikuwa inammulika nani? Aliyemulikwa machoni haoni uso wa anayemmulika. Anaona duara jeupe na giza nyuma yake. Labda mwanga uligonga ukuta ukarudi. Labda mmoja alimmulika mwenzake akitafuta pesa kabatini. Inawezekana. Lakini mtu aulize! Tochi ilikuwa kubwa au ndogo, ilielekezwa wapi, kwa muda gani, mtambuliwa alisimama hatua ngapi, alikuwa na kofia?

Maswali haya si yangu. Katika kesi ya Maitanyi, mwaka 1986, Mahakama ya Rufaa ilisema aina ya mwanga, ukubwa wake na mahali ulipokuwa ukilinganisha na mshukiwa ni mambo ya lazima kuchunguzwa, na kwamba kutoyachunguza ni kosa la kisheria. Ikauliza pia jambo ambalo kila mtu wa mtaani angeuliza: waliokuja kukusaidia usiku ule uliwaambia ni nani? Polisi uliwapa maelezo gani ya sura au mavazi? Kama jirani yako unayemjua jina amekuibia saa nane, kwa nini saa tatu asubuhi kitabu cha matukio cha polisi (OB) kinasema "watu wasiojulikana"? Tanzania nao walishayaweka haya wazi katika kesi ya Waziri Amani ya 1980, wakataja muda, umbali, mwanga na kama shahidi alimjua mtu huyo kabla. Onyo kuhusu shahidi mmoja anayetambua usiku lilikuwepo tangu kesi ya Abdalla bin Wendo, mwaka 1953, kabla babu zetu hawajapiga kura. Miaka sabini ya kuonywa, na bado watu wanafungwa kwa mwanga wa tochi ambayo hakuna aliyeuliza ilielekea wapi.

Katika kesi ya kundi mambo huharibika zaidi, kwa sababu ushahidi wa mmoja humwagikia mwenzake. Washtakiwa wanne wamepangwa kizimbani. Wa kwanza alikutwa na redio ya mlalamikaji siku mbili baada ya wizi. Wa pili ndiye huyo wa tochi. Wa tatu alitajwa na wa kwanza akiwa kituoni, na sote tunaweza kukisia namna watu wanavyotajana kituoni. Wa nne alikutwa anakunywa pombe na wa kwanza. Hizo ni kesi nne tofauti kabisa. Ya kwanza ina nguvu, maana mtu aliyekutwa na mali iliyoibwa juzi ana la kueleza, ingawa hata hapo hakimu anapaswa kujiuliza: redio huchukua muda gani kupita mikono mitatu sokoni? Ya pili inasimama au kuanguka kwa majibu ya mwanga. Ya tatu imejengwa juu ya neno la mshtakiwa mwenza, ambalo sheria yenyewe inalihesabu kuwa ushahidi dhaifu mno. Ya nne si kesi. Ni urafiki.

Lakini hukumu zetu hupenda kuzungumza juu ya "washtakiwa" kana kwamba ni mwili mmoja wenye miguu minane. Washtakiwa walivamia. Washtakiwa walitambuliwa. Utetezi wa washtakiwa ni wa kukana tu. Kisha kinaletwa kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha nia ya pamoja, na kinatumika kama gundi ya kubandika alichofanya mmoja kwenye mgongo wa wote. Kifungu hicho hakikuandikwa kwa kazi hiyo. Kinataka kwanza ithibitishwe kwamba huyu hapa, mwenye jina hili, alishiriki mpango. Ikishathibitishwa, ndipo matendo ya wenzake yatokanayo na mpango yanapomhusu. Wengi hukisoma kinyumenyume: kwa kuwa wizi ulifanywa na kundi, na kwa kuwa mtu huyu ameletwa pamoja na kundi, basi yumo. Samaki mmoja akioza wote wameoza ni busara ya sokoni. Mtu akiitumia kizimbani ni jinai.

Waingereza, ambao ndio waliotupa sheria hii, walijisahihisha. Februari 2016, katika kesi ya Jogee, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikiri kwamba tangu 1984 mahakama zao zilishika njia isiyo sahihi kwa kumtia mtu hatiani kwa sababu tu alitabiri kwamba mwenzake angeweza kutenda kosa kubwa zaidi. Zaidi ya miaka thelathini ya kukosea, wakasimama hadharani wakasema tulikosea.

Turudi kwetu, kwenye dhuluma isiyosemwa sana. Anayeshtakiwa kwa mauaji Kenya hupelekwa Mahakama Kuu, mbele ya jaji, na asiye na uwezo hupewa wakili anayelipwa na Serikali. Anayeshtakiwa kwa wizi wa mabavu, ambaye kitanzi chake ni kile kile, husikilizwa na hakimu, na kwa miaka na miaka amejitetea mwenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inataka Serikali impe mtu wakili pale ambapo bila wakili haki ingepotea vibaya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ilipitishwa 2016. Kwenye karatasi tuko vizuri. Kortini, kijana aliyeishia darasa la saba bado anaambiwa, "Una maswali kwa shahidi?" na anajibu, "Sina." Neno hilo moja, "sina", litamfuata hadi Mahakama ya Rufaa. Litaandikwa kwenye mwenendo wa kesi, na jaji atakayeusoma miaka minne baadaye ataona ushahidi wa tochi haukupingwa.

Kisha anapewa siku 14 za kukata rufaa. Hoja zinaandikwa kwa mkono huko gerezani, mara nyingi kwa msaada wa mfungwa mwenzake aliyejifunza sheria humo humo ndani. Heshima yangu kwa hao wa gereza la Kamiti waliosoma sheria wakiwa ndani ni kubwa kuliko niliyonayo kwa baadhi ya wenye majoho. Lakini ni aibu kwa nchi kwamba mtu anayetafutwa roho na Serikali anategemea msaada wa mtu mwingine anayetafutwa roho na Serikali hiyo hiyo.

Rufaa ya kwanza ikishindwa, mlango unakuwa mwembamba. Rufaa ya pili, kwa mujibu wa kifungu cha 361 cha sheria ya mwenendo wa jinai, ni ya hoja za kisheria peke yake, na ukali wa adhabu hauhesabiwi kuwa hoja ya kisheria. Mahakama ya Rufaa itasema: mahakama mbili zilizotangulia zimekubaliana juu ya ukweli, sisi ni nani tuingilie? Jibu linategemea kama zile mbili zilifikiri au kama moja ilinakili nyingine. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa na nafasi moja tu ya ushahidi wake kupimwa upya na mtu mwenye mamlaka ya kuupima. Ikipotea kwa uvivu, imepotea.

Na pale majaji wanapoitumia nafasi hiyo sawasawa na kumwachilia mtu, tunapiga kelele: mahakama zinaachilia wezi! Hapana. Mwizi aliachiliwa siku ambayo afisa hakuandaa gwaride la utambulisho kwa sababu lilimsumbua, akamwonyesha shahidi mshukiwa dirishani. Aliachiliwa siku ambayo alama za vidole hazikuchukuliwa kwenye kabati lililovunjwa. Jaji amesoma tu kilichokuwemo faili, akakuta hamna kitu. Anayetaka kukasirika aelekee kituoni.

Haya yote ni kuhusu hatia. Kwenye adhabu ndipo pana kichekesho kisichochekesha.

Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kumfunga jaji mikono ili asiweze kutoa adhabu nyingine isipokuwa kifo ni kinyume cha Katiba. Hoja yake ilikuwa ya kawaida kabisa: mtu ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa, kwa habari ya umri wake, nafasi yake katika kosa, majuto yake. Mahakama za chini zikaona, na ziliona vyema, kwamba hoja hiyo inamhusu pia mwizi wa mabavu. Mafaili yakafunguliwa, watu wakahukumiwa upya; wengine wakapewa miaka, wengine walikuwa wamekaa ndani kiasi cha kutosha wakaenda nyumbani. Kisha Julai 2021 Mahakama ya Juu ikarudi na maelekezo: tulikuwa tunazungumza juu ya mauaji peke yake. Anayetaka kupinga adhabu ya wizi wa mabavu aanze safari yake upya kutoka Mahakama Kuu.

Kwa hiyo leo aliyeua mtu kwa kukusudia husikilizwa kuhusu adhabu yake. Aliyeshika pikipiki hasikilizwi. Wawili waliohukumiwa siku moja kwa wizi ule ule wangeweza kuachana hapo: mmoja faili lake likapatikana mapema akapata miaka, mwingine faili lake likachelewa kwenye rafu hadi Julai 2021, akabaki na kifo. Nani atamweleza huyo wa pili kwamba hii ni sheria na si bahati nasibu?

Na kifo chenyewe hakuna anayekitekeleza. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Badala yake, mara moja kwa miaka kadhaa, Rais anachukua kalamu. Mwaka 2009 Mwai Kibaki aligeuza hukumu za watu zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Oktoba 2016 Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa watu 2,747, wanawake 92 wakiwemo. Mwaka 2023 William Ruto naye akafanya vivyo hivyo. Siwalaumu kwa kugeuza. Nawalaumu kwa kuacha mashine iendelee kufanya kazi baada ya kugeuza. Hebu tafakari. Jaji aliyesoma faili ukurasa kwa ukurasa, aliyejua nani alishika panga na nani alishika pikipiki, anaambiwa hana mamlaka ya kutofautisha. Rais ambaye hakusoma faili hata moja kati ya maelfu hayo anabadilisha adhabu ya wote kwa saini moja, na kwa kiwango kimoja. Aliyekata mkono wa mtu na aliyengoja nje wote wanapata maisha. Walihukumiwa kwa jumla, wakahurumiwa kwa jumla.

Uganda walilitatua hili wakati sisi bado tunapapasa. Wafungwa 417, Susan Kigula akiwa jina la mbele, walikwenda kortini, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikakubali kwamba adhabu ya kifo ya lazima haiwezi kusimama. Haikufuta kifo. Iliwarudishia majaji kazi ya kupima, na iliwarudishia hata kwa wanyang'anyi. Mbingu hazikuanguka Kampala. Tanzania hawamnyongi mnyang'anyi, lakini wasijisifu sana: unyang'anyi wa kutumia silaha una kima cha chini cha miaka 30, na mrufani ambaye hatia yake imethibitishwa anaweza kumweleza jaji chochote atakacho kuhusu umri wake au nafasi yake katika kundi, jaji atamsikiliza kwa upole na kumrudishia miaka ile ile 30.

Sasa wenye lawama kubwa. Majaji wetu waliwahi kuwaambia Wabunge waziwazi. Septemba 2016, Mahakama Kuu jijini Nairobi, ikikaa na majaji watatu, ilisema vifungu vya 295, 296 na 297 havitenganishi vya kutosha wizi wa kutumia nguvu wa kawaida na ule wa kunyongewa, kiasi kwamba afisa anayeandika mashtaka ndiye anayechagua nani anakabiliwa na miaka 14 na nani anakabiliwa na kifo, kwa tukio lile lile. Ikawapa Serikali na Bunge miezi 18 kurekebisha.

Wabunge waliopitisha marupurupu yao hawakupata nafasi. Au walipata, wakaogopa kwamba mpinzani atawaita marafiki wa majambazi kwenye kampeni. Kuogopa huko kuna gharama, na gharama hiyo hailipwi na mbunge.

Nitakacho hakihitaji tume wala warsha Naivasha. Bunge lifute kifo cha lazima kwenye wizi wa mabavu na kwenye jaribio lake, liweke ngazi za kosa kwa kuangalia kilichofanywa: aliyepiga risasi, aliyeshika panga, aliyepokonya, aliyengoja nje. Kuwa na mwenzako kuwe sababu ya kuongeza uzito wa adhabu, si sababu ya kufa. Lilegeze kifungu cha 361 ili adhabu nayo iweze kuhojiwa hadi juu. Msaada wa wakili uanze siku ya kusomewa mashtaka, na uendelee hadi rufaa. Na nyinyi waheshimiwa majaji, hili halihitaji Bunge: kwenye rufaa ya kundi, mpeni kila mrufani aya zake. Jina lake, shahidi aliyemtaja, mwanga uliokuwepo, alichokutwa nacho, alichofanya. Mkikosa cha kuandika chini ya jina lake, mfungulieni mlango aende.

Miezi ile 18 ilikwisha Machi 2018. Kifungu cha 296(2) bado kipo, neno kwa neno, na kesho asubuhi kuna hakimu atakayekisoma kwa watu wanne waliosimama pamoja.